Mbuzi wa Nne

Katunge aliwahesabu mbuzi kupitia dirisha la jikoni, akapata wanne. Akahesabu tena, wakawa wanne vile vile.

Ntheo ni mbuzi watatu. Hata mtoto wa darasa la pili pale Mbooni anajua: watu wa mwanamume huleta watatu, beberu mmoja huchinjwa nyumbani kwa kina msichana, na kisu kikishapita shingoni, msichana amekuwa mke wa mtu. Maji yakimwagika hayazoleki. Sasa huyu wa nne, mweupe pee, mrefu wa miguu, wa aina wanayofuga watu wa kaskazini, alitoka wapi? Katunge aliifuata kamba kwa macho mpaka kwenye mkono ulioishika. Aliyeshika kamba alikuwa Ahmednur.

"Mwaitu," alimwita mama yake bila kugeuka. "Yule mtu amekuja kufanya nini hapa?"

Mama yake, Mbula, alikuwa akipanga chapati kwenye sinia. "Yupi? Huyo Msomali? Si ni rafiki ya bwana yako! Ndiye amewauzia mbuzi, akawabeba na pikapu yake kutoka Mwingi mpaka huku milimani. Na huyo mweupe amewapa bure. Bure, Katunge! Eti ni heshima ya ule mchezo wa kule mjini Wote. Mtu anashindwa halafu analeta mbuzi? Mimi sijawahi ona."

"Ule mchezo wa Wote," Katunge alirudia.

"Si ndio huo. Na vile nilikuwa nasema chess ni kamari, Mungu anisamehe." Mbula alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Kumbe ndiyo ilikuwa ituletee mkwe."

Katunge hakucheka. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge, nywele zimesukwa jana yake kwa saa tano, na kila aliyepita alimwambia amependeza. Yeye alijihisi kama mtu aliyevaa nguo ya kuiba.

Tuseme ukweli hapa, maana yeye mwenyewe alikuwa hajausema kwa mtu. Miezi minane iliyopita, kwenye mashindano ya sataranji pale Wote, Katunge alikuwa mwamuzi msaidizi. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya meza ya kwanza na kutazama mikono. Sataranji ina sheria moja isiyo na huruma: ukigusa kete yako, umeichagua. Lazima ucheze hiyo hiyo, hata kama inakupeleka kaburini.

Mezani alikuwa Mbaluka. Watu walimwita Nzuki, yaani nyuki, kwa kuwa akishambulia hajali kufa. Wachezaji wengine hujenga ukuta wakajificha nyuma yake. Mbaluka yeye hutoa. Atatoa farasi, atatoa askofu, atatoa ngome mbili mfululizo, watazamaji wakishika vichwa na kusema leo amerukwa na akili, kisha baadaye ndipo wanagundua kuwa mfalme wa mpinzani amebaki peke yake uwanjani bila hata wa kumsalimu. Kuna mchezo alioucheza Makindu ambao alibaki na kete tatu tu, na zote tatu zikamzunguka mfalme wa watu. Katunge alimpenda kabla hajaisikia sauti yake. Aliipenda mikono ile isiyoogopa kuachilia. Kwa miezi miwili walikuwa wakiibiana macho kutoka mashindano hadi mashindano, na ukumbini hakuna aliyejua.

Siku ile ya Wote ilikuwa raundi ya mwisho, dhidi ya Ahmednur. Mbaluka aliwaza dakika ishirini nzima, macho yake yakiwa ya mtu asiyekuwepo. Mkono wake wa kulia ukashuka. Kidole kikatua juu ya ngome, kikakaa hapo kiasi cha kumeza mate, kikaondoka. Halafu akamshika malkia, akamtupa katikati ya askari wa Ahmednur. Malkia mzima, bure! Ukumbi wote uliguna.

Ahmednur akasimamisha saa ya mchezo. "Amegusa ngome kwanza," akasema.

"Mimi?" Mbaluka alishangaa kwelikweli. "Sijagusa."

Mwamuzi mkuu akaja, akasikiliza pande zote mbili, kisha akamgeukia Katunge. "Wewe ndio ulikuwa hapa. Uliona?"

Na Katunge, binti wa mzee wa kanisa, mwalimu wa watoto wa Jumapili, akatazama ile ngome, akamtazama Mbaluka, akasema, "Sikuona kitu."

Hatua tisa baadaye, Ahmednur alimlaza mfalme wake, ishara ya kukubali kushindwa. Mchezo ule ukasambaa kwenye simu kutoka Kitui hadi Mombasa Road. Redio ya Kikamba ikausimulia kama mechi ya mpira. Shule moja ya Wote ikampa Mbaluka kazi ya kufundisha wanafunzi. Hata mzee Nzioka, baba yake Katunge, aliyekuwa ameapa kuwa binti yake hataolewa na mtu wa kusukuma vijiti juu ya meza, akasimamishwa sokoni akapewa mkono wa pongezi, akarudi nyumbani na kusema, "Basi huyo kijana aje."

Kila jema lililofuata lilisimama juu ya yale maneno mawili ya Katunge.

Huko nje, Nzioka alisafisha koo. "Wageni wetu," alisema, "tuna ndugu yetu Mwislamu hapa, na amekuja na mkono mkunjufu. Mimi naonelea yeye ndiye achinje, ndio nyama iliwe na kila mtu."

Wazee waliitikia kwa furaha. Ni desturi nzuri, na hakuna aliyekuwa na neno. Ahmednur aliinama kwa adabu, akapokea kisu kwa mikono miwili, akajaribu makali yake kwa kidole gumba.

Katunge alikiona kisu kile mkononi mwa Ahmednur. Alitoka kwa mlango wa nyuma, mama yake akimwita, akamtuma binamu yake wa kike amwite Mbaluka nyuma ya tangi la maji. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye alikuwa ameuficha mpaka mlango wa leba.

Mbaluka alikuja akitabasamu, koti la suti likimbana kidogo mabegani. "Sasa wewe! Shangazi zako wakituona watasema nimekuja kuiba kitu natakiwa kupewa saa hii hii."

"Mbaluka, uligusa ngome."

"Ngome gani?"

"Ya Wote."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa usoni kama mgeni aliyekosa kuelewa kuwa ameambiwa aende. "Hapana," alisema. "Ningejua."

"Hukujua. Wewe ukifikiria huwa haupo. Hata chai unakunywa yangu ukidhani ni yako. Uligusa na hiki kidole." Alimshika kile kidole, akakiachia haraka. "Mimi niliona."

"Na mwamuzi alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Ukasema hukuona."

"Nikasema sikuona."

Mbuzi mmoja alilia kule mbele, na mtu akacheka. Mbaluka alitazama tangi la maji kana kwamba limeandikwa kitu.

"Unajua Ahmednur alinifuata nje siku hiyo?" alisema polepole. "Aliniuliza mara moja tu. Nikamwambia, ndugu yangu, ningegusa hiyo ngome ningeicheza, hata kama inaniua. Akanipa mkono. Akaniamini, Katunge. Tangu hapo amekuwa rafiki. Hiyo ndio imemleta hapa na mbuzi."

"Nilitaka ushinde."

"Na nani alikuambia singeshinda?"

"Nimeiangalia mara mia. Ukicheza ngome, umeisha."

"Basi ningeisha!" Alipaza sauti, kisha akaishusha, akitazama huku na huku. "Mimi nimeshindwa mara ngapi? Nimetoa malkia mbele ya watu nikachekwa mpaka nikashindwa pa kuweka uso. Siogopi kushindwa. Wewe ndio uliogopa. Ukaogopa kwa niaba yangu na hukuniuliza."

Hilo lilimchoma Katunge kuliko angeitwa mwongo. "Na Baba angekubali? Niambie. Baba angekukubali hivi hivi?"

"Angekataa. Ningerudi. Angekataa tena, ningerudi mwaka ule mwingine. Sasa amekubali mtu ambaye hayuko."

Machozi yalikuwa yamefika, lakini Katunge aliyazuia. Aliona hana haki nayo. "Nilikuwa niseme kila siku. Kila siku naamka nikisema leo."

"Miezi nane."

"Ndio, miezi nane."

"Kwa nini basi leo? Watu wamekaa, mbuzi wamefungwa, mjomba wangu amevaa tai ambayo hajavaa tangu harusi yake. Si ungenyamaza tu?"

"Ni yeye anashika kisu," Katunge alisema. "Nimemdhulumu, halafu ni yeye anioze kwa mkono wake, tena na mbuzi wake juu. Hiyo nyama siwezi kula, Mbaluka. Itanikaa hapa." Akashika koo.

Katunge alitamani akumbatiwe. Alitamani hata atukanwe. Mbaluka alimtazama kwa muda, macho ambayo kila siku yalikuwa yakimtafuta umatini sasa yakimpitia kando.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Sijui."

"Hata mimi sijui," akasema, akaenda zake bila kumgusa.

Katunge alipoitwa mbele, alienda kama mtu anayetembea juu ya mayai. Mzee Kivuva, mjomba wake Mbaluka na msemaji wa wageni, alikuwa amemaliza hotuba yake na kukaa kwa kuridhika. Katika boma la Nzioka, kisu hakikugusa mbuzi kabla msichana hajaulizwa na kujibu.

"Katunge," baba yake alisema kwa sauti ya mtu mwenye furaha anayejaribu kuonekana mkali. "Hawa watu unawajua?"

"Nawajua, Baba."

"Tuchinje mbuzi wao?"

Neno moja tu lilitakiwa. Alilitafuta, na badala yake akajikuta amepiga hatua kuelekea kwa Ahmednur, aliyekuwa amemlaza beberu na goti lake juu ya ubavu wake.

"Ndugu Ahmednur, ngoja kwanza," alisema. "Siku ile ya Wote ulisema amegusa ngome. Mimi nilisema sikuona. Niliona. Mbaluka hakujua amegusa, lakini mimi nilijua. Nilikudanganya wewe, nikadanganya mwamuzi, nikamdanganya na yeye. Nilitaka ashinde kwa sababu nilikuwa nampenda."

"Aiee, Katunge," Mbula alisema, akaketi juu ya kreti ya soda.

Wazee walitazamana. "Ngome ni nini?" Nzioka aliuliza. "Na hiyo ngome inaingia wapi kwa mambo ya mbuzi?"

Mbaluka ndiye aliyejibu. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akakifungua tena. "Baba, ule mchezo mlisikia kwa redio. Ule wenye ulifanya mseme nikuje. Sikuushinda."

Sufuria la maji ya supu lilikuwa likichemka peke yake. Ahmednur alimwachilia beberu, ambaye aliinuka akajikung'uta kana kwamba ni yeye aliyetukanwa.

"Dada," Ahmednur alisema, "unajua kazi yangu?"

"Unauza mifugo."

"Kazi yangu ni macho. Nikiangalia mbuzi najua miaka yake, najua kama ni mgonjwa, najua kama ana mimba. Baba yangu alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa na babu. Siku ile niliona kidole juu ya ngome. Niliona wazi. Halafu wewe mwamuzi ukasema hakuna, na huyu ndugu akaniangalia machoni akasema hakuna, na mimi najua si mtu wa uongo. Nikasema basi macho yangu yameanza kuharibika." Aligeuza kisu mkononi. "Nilienda hospitali, wakapima, wakasema ni mazima. Sikuwaamini. Miezi nane kila mbuzi nikinunua, namwita ndugu yangu, namwambia hebu angalia na wewe."

Katunge alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Sasa machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. "Nisamehe," alisema. "Macho yako hayana kitu. Yalikuwa mazima siku hiyo."

Mbaluka alikuwa ameenda kwenye pikapu. Alirudi na mfuko wake wa turubai, ule asioachana nao, akakunjua ubao wake wa plastiki juu ya meza ya wazee, akasogeza chupa za soda. Akapanga kete moja moja bila kusita. Mchezo aliocheza hakuwahi kuusahau.

"Kaa chini, ndugu yangu," alimwambia Ahmednur. "Hapa ndipo tulikuwa. Ilikuwa zamu yangu." Akaweka kidole juu ya ngome, taratibu, watu wote wakiona. "Nimegusa ngome. Nacheza ngome."

Kisha, bila kuinua uso, akasema, "Katunge, lete kiti ukae hapa. Tazama mikono."

Basi wakacheza, mchana mweupe, mbuzi wanne wakishuhudia. Ile ngome ilimpa Ahmednur nafasi moja ya kupumua, na Katunge alijua inatosha. Lakini Mbaluka hakucheza kama mtu aliyeisha. Alitoa askofu. Akatoa ile ngome yenyewe. Mzee Kivuva, ambaye hakujua farasi na askari wanatofautianaje, alianza kuinama juu ya meza akihema. Ahmednur alifuta jasho. Kwa hatua tano hivi, mfalme wake alikimbia kutoka kona hadi kona, na Katunge akaona jambo ambalo hakuliona katika zile mara mia: kulikuwa na njia. Nyembamba, lakini ilikuwepo. Angemwacha tu acheze siku ile, pengine angeshinda kwa haki.

Mbaluka alizama katika mawazo. Mkono ukashuka. Kidole kikatua juu ya farasi wake wa mwisho, kikakaa kiasi cha kumeza mate, kikaondoka kuelekea kwa malkia.

Ahmednur alikuwa akimtazama mfalme wake. Wazee walikuwa wakitazama nyuso. Hakuna mwingine aliyeona.

Farasi akisogea, njia inafungwa. Katunge alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

"Umegusa farasi," alisema.

Mbaluka aliinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu nyuma ya tangi la maji, alimtazama kikamilifu. "Una hakika?"

"Niliona."

"Sawa," alisema, akamchukua farasi, akamsogeza. Mpaka leo Katunge hajui kama alijisahau tena au alikuwa akimjaribu, na hajawahi kuthubutu kumuuliza.

Hatua nne baadaye Mbaluka alimlaza mfalme wake ubavu, akasimama, akampa Ahmednur mkono. Ahmednur aliushika kwa mikono yote miwili. Baada ya hapo akamwendea Nzioka, akamrudishia kisu, mpini ukiwa mbele.

"Mzee, leo sitachinja. Swali lenu bado halijajibiwa." Akamfungua yule mbuzi mweupe. "Na huyu nilimleta kwa ajili ya ule mchezo. Ule mchezo haukuwa. Narudi naye nyumbani."

Akambeba mbuzi wa nne mpaka kwenye pikapu. Kabla ya kupanda na kuwasubiri wenzake, alimgeukia Katunge, akaweka kidole chini ya jicho lake, akaitikia kwa kichwa mara moja. Haukuwa msamaha, lakini ilikuwa kama shukrani, na Katunge aliona hiyo ni ngumu zaidi kuibeba.

"Na hawa watatu?" Nzioka aliuliza. Sauti yake ilikuwa imezeeka ndani ya saa moja. Mbuzi wa ntheo wakirudishwa, maana yake ni kukataana, na kila mzee pale alilijua hilo.

"Wabaki, Baba," Mbaluka alisema.

"Wabaki wachinjwe, ama wabaki wakae?"

"Wakae tu. Nyinyi mlinikubali nikiwa nimeshinda. Mkiona nawafaa nikiwa nimeshindwa, mtaniita." Akaanza kukunja ubao wake. "Na mimi niko na kitu nahitaji kufikiria."

Wageni walikula muthokoi wa mahindi na maharagwe, na chapati, bila nyama, kwa haraka, wakisifu chumvi. Mzee Kivuva alivua tai akaikunja mfukoni. Katunge aliwafuata mpaka langoni, hatua chache nyuma, kama mtu anayesindikiza jeneza.

"Mbaluka."

Alisimama.

"Umenikasirikia?"

"Sana."

Alitaka kusema kwamba anampenda, lakini neno hilo alikuwa ameshalitumia vibaya. "Utarudi?" aliuliza.

Mbaluka alitazama juu ya bega la Katunge, pale mbuzi watatu walipokuwa wamesimama kwenye kamba zao, ndimi zikining'inia kwa joto. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu hatua nyingi mbele, asione mwisho wake.

"Wape maji," alisema. "Wametoka mbali."

Pikapu ikaondoka nao, na vumbi lake. Nyuma ya Katunge, mama yake alikuwa akilia jikoni na baba yake hakumwita. Katunge alikunja mikono ya lile gauni jipya, akachukua ndoo, akaenda kwenye tangi.